Gazi ya Ziwa Kivu: kabla ya kuiuza, tuulize sheria inasema nini

Wiki hii tunazungumza juu ya mali ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona kwa macho. Ni gazi iliyo chini ya maji ya Ziwa Kivu. Katika mikutano yetu ya kuweka akiba hapa Kibati, maswali mawili yanarudi kila mara. Mmoja anauliza: hiyo gazi itafika lini kwenye mbabula yetu, ili tuache kununua makala? Mwingine anajibu kwa swali lake: si ndiyo ile waliyosema itatuua sisi wote mwaka wa 2021?

Maswali hayo mawili ni swali moja. Gazi inayoweza kuwasha taa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuleta kifo, na kati ya taa na kifo kuna kanuni na watu wanaozisimamia. Ndiyo maana sisi walimu wa chama tumeona vema kueleza jambo hili polepole, kama darasani, kwa sababu redioni linapita haraka na kwa Kifaransa cha ofisi.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Kivu linafika karibu mita 485 kwenda chini. Huko chini kabisa maji hayafanani na yale tunayoyaona ufukweni. Ni ya moto kidogo, yana chumvi nyingi, ni mazito, na kwa uzito huo hayapandi juu. Ndani yake kumekusanyika gazi mbili kwa mamia ya miaka. Ya kwanza ni metani, inayowaka moto. Wataalamu wanaipima kuwa karibu kilometa 60 za ujazo, yaani meta za ujazo miliardi 60. Ya pili ni gazi karbonike, ile tunayoitoa tukipumua. Hiyo ni karibu mara tano ya metani, na nyingi inatoka ndani ya ardhi, kwenye volkano zetu.

Kwa nini haitoki? Chukua chupa ya fanta. Ikiwa imefungwa huoni povu. Ukiifungua, au ukiitikisa kwanza kisha ukaifungua, inaruka hadi kwenye nguo. Gazi ilikuwamo wakati wote, kifuniko ndicho kilichoizuia. Katika ziwa kifuniko ni uzito wa maji ya juu, pamoja na yale matabaka ambayo hayachanganyiki. Hakuna chuma wala saruji, ni maji juu ya maji.

Kuna ziwa ambalo kifuniko chake kilifunguka. Katika Kameruni, ziwa dogo la Nyos lilitoa gazi karbonike usiku mmoja wa mwezi wa nane 1986. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikateremka mabondeni kama maji na kuwakuta watu vitandani. Walikufa karibu 1.700, pamoja na ng'ombe wao. Nyos ni kidimbwi ukililinganisha na Kivu, na kandokando ya Kivu wanaishi watu zaidi ya milioni mbili, wa Kongo na wa Rwanda.

Sisi watu wa Nyiragongo hatuhitaji kwenda Kameruni ili kuelewa. Tunajua mazuku. Mbuzi anaingia katika shimo la mawe ya volkano asubuhi, harudi. Mtoto anamfuata, naye anaanguka. Wazee waliita upepo mbaya, na si uongo: ni gazi karbonike hiyo hiyo, inayotoka ardhini na kukaa katika mabonde pasipo upepo. (Kwa nafasi hii tuwakumbushe: mkiona ndege au panya wamekufa ndani ya shimo, msimtume mtoto kuchukua kitu humo, hasa asubuhi na mapema. Na mtu akianguka humo, usiteremke peke yako kumvuta. Wengi wamekufa kwa namna hiyo, wa pili akimfuata wa kwanza.)

Sasa tukumbuke 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano, siku ya posho jioni, Nyiragongo ililipuka. Moto ulikata barabara ya Goma kwenda Rutshuru na kumeza nyumba maelfu katika teritware yetu. Siku tano baadaye, tarehe 27, gavana wa kijeshi alitoa amri ya kuhamisha kartiye kumi za mji wa Goma. Tetemeko lilikuwa haliishi, na wakubwa walisema magma ilikuwa chini ya mji na chini ya ziwa, na kwamba mlipuko chini ya maji hauwezi kukataliwa. Watu mamia ya maelfu walishika njia ya Sake, ya Gisenyi, ya Rutshuru, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu. Akina mama walijifungulia barabarani. Mwishowe ziwa lilitulia. Lakini siku ile kila mtu aliona kwamba gazi ya ziwa si habari ya wataalamu peke yao.

Wengine husema Kibati iko juu, gazi hiyo itabaki chini Goma. Tusijidanganye. Soko letu liko Goma, hospitali kubwa ziko Goma, na mabinti wetu wanauza huko kutwa nzima.

Je, kuitoa gazi hiyo ni vizuri au ni vibaya? Wataalamu wengi wanasema kuitoa polepole na kwa utaratibu kunapunguza hatari. Tunakubali. Lakini neno «utaratibu» ndilo linalobeba mzigo wote, na tungependa kila mama alielewe, maana hapo ndipo kampuni mbaya inaweza kuokoa pesa zake kwa kutupatia sisi hasara.

Inafanyika hivi. Juu ya ziwa wanaweka jukwaa linaloelea. Kutoka hapo bomba refu linateremka zaidi ya mita 300. Maji ya chini yanapanda, na kadiri yanavyopanda gazi inaanza kutoa mapovu yenyewe, kama ile fanta. Wanatenganisha gazi na maji, kisha wanaiosha ili metani ibaki bila gazi karbonike nyingi. Metani inaenda kwenye mashine ya umeme. Kunabaki maji. Maji mengi sana, yenye chumvi, yenye harufu ya mayai yaliyooza. Yapelekwe wapi?

Kuyamwaga juu ya ziwa ni rahisi, bomba linakuwa fupi. Lakini samaki wa Kivu wanaishi tabaka la juu tu; chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni ya kuwatosha. Ukimwaga maji ya sumu hapo juu, sambaza watakufa, au maji yataota majani na kuoza. Sambaza hao waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka wa 1959 na leo ndio nyama ya maskini, kila mama anayepika sombe anajua. Kwa hiyo maji lazima yarudishwe chini. Kwa kina gani? Hapo hata wataalamu wanabishana. Ukiyarudisha pasipofaa, siku kwa siku unapunguza nguvu ya yale matabaka yanayozuia gazi, yaani unalegeza kifuniko cha chupa tunayoishi kandokando yake. Mwaka wa 2009 kundi la wataalamu liliandika mwongozo wa kutoa gazi ya Kivu, ukisema nini kiruhusiwe, nini kikatazwe, na nini kipimwe kila wakati. Uliandikwa kwa ajili ya inchi zote mbili, maana maji ni yale yale. Mpaka wa Kongo na Rwanda unapita katikati ya ziwa kwenye ramani, lakini huko chini hakuna kizuizi. Kosa la upande mmoja ni msiba wa wote wawili.

Jirani zetu walitangulia. Tangu 1963 mtambo mdogo wa Cap Rubona ulipeleka gazi kwenye kiwanda cha bia cha Gisenyi. Mradi wa KivuWatt, wa megawati 26, unatoa umeme karibu na Kibuye, na rais wao aliuzindua mwaka wa 2016. Mradi mwingine, wa Shema Power, umepangwa kwa megawati 56. Wana pia ofisi inayopima ziwa mara kwa mara, kazi yake ni hiyo tu.

Upande wetu bado hakuna mtambo unaowasha taa kwa gazi ya ziwa. Kuna karatasi. Mwezi wa saba 2022 serikali ya Kinshasa ilifungua tenda ya maeneo 30: 27 ya mafuta, na 3 ya gazi ya Ziwa Kivu, nayo ni Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Mwezi wa kwanza 2023 waziri wa hidrokarbure alitangaza washindi wa gazi: Symbion Power ya Marekani kwa Makelele, Winds Exploration and Production, ya Marekani pia, kwa Idjwi, na Alfajiri Energy ya Kanada kwa Lwandjofu. Mwezi wa kumi 2024 wizara ilifuta tenda ya yale maeneo 27 ya mafuta. Watu wengi walifurahi wakifikiri yote imekwisha. Tangazo lile lilihusu mafuta. Gazi ya ziwa letu haikuwa ndani yake.

Hapa ndipo tunafika kwenye sheria, na msichoke, kwa sababu sehemu hii ndiyo silaha yetu.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi na yanayofaa kwa maendeleo yake. Kifungu cha 58 kinasema Wakongomani wote wana haki ya kufaidi utajiri wa taifa. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 inadai kila mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara, kwa ardhi na kwa watu, kabla ya kuanza kazi, na wananchi waulizwe maoni yao. Ofisi inayokagua uchunguzi huo ni ile ya mazingira ya taifa, inayoitwa ACE. Kisha kuna amri ya serikali ya tarehe 20 mwezi wa tano 2011: mkataba wowote juu ya mali ya asili, iwe madini, miti au hidrokarbure, lazima utangazwe wazi ndani ya siku 60. Na sheria ya hidrokarbure yenyewe ni ya tarehe 1 mwezi wa nane 2015.

Kwa hiyo mama wa Kibati anayeuliza «mkataba uko wapi?» haombi msaada wala hafanyi siasa. Anadai kitu ambacho serikali yenyewe iliandika. Tunasema hivyo kwa sababu tunajua jibu la kawaida: «Mama, hayo ni mambo ya wakubwa.»

Na tuseme wazi: sheria zetu kwenye karatasi si mbaya. Kinachokosekana ni mtu wa kuzifuata kila siku, mwenye vipimo, mashua na mshahara, ambaye kampuni haiwezi kumnunua. Waangalizi wa volkano hapa Goma, OVG, wanajulikana kwa kazi yao, lakini kuangalia volkano mbili na pia mabomba ya kampuni tatu ni kazi ya watu wengi. Kampuni isiachiwe kujipima yenyewe. Hata shuleni hatumpi mwanafunzi asahihishe mtihani wake.

Sasa lile swali la mbabula. Gazi ikitoka itakwenda wapi? Itabaki Kivu au itauzwa nje?

Wenzetu wa Tanzania wamepitia hapo. Gazi iligunduliwa Songo Songo mwaka wa 1974 na Mnazi Bay, karibu na Mtwara, mwaka wa 1982. Mwaka wa 2013 serikali yao ilipoanza kujenga bomba la kupeleka gazi ya Mtwara hadi Dar es Salaam, wenyeji waliandamana, kukawa na fujo na watu wakafa. Hawakukataa bomba kwa kuwa hawapendi maendeleo. Waliuliza tu: mali inatoka kwetu, sisi tunabaki na nini? Mwaka wa 2015 Tanzania ilitunga sheria mpya ya petroli inayosema mahitaji ya inchi yatangulie kabla ya kuuza nje. Hata Marekani, inayouza gazi nyingi kuliko wote, mwezi wa kwanza 2024 serikali ilisimamisha kwa muda ruhusa mpya za kuuza gazi nje, ili kuchunguza kwanza madhara yake kwa hewa na kwa bei ambayo mwananchi analipa. Kama matajiri walisimama kupiga hesabu, sisi kwa nini tuambiwe tuharakishe?

Hatusemi gazi isiuzwe kamwe. Tunasema kuna mpangilio: usalama wa ziwa, kisha nyumba za Kivu, kisha soko la nje. Yeyote atakayekuwa ofisini, vita ikiwa inaendelea au imekwisha, mpangilio huo usigeuzwe.

Na tuwe waangalifu na ahadi. Ile gazi ya chupa inayouzwa Goma leo, inayoletwa na kamiyo kutoka mashariki, si metani. Ni gazi nyingine inayogeuka maji kwa urahisi ndani ya chupa nyepesi. Metani haifanyi hivyo. Kuitia katika chupa kunadai mashine za kuibana kwa nguvu nyingi na chupa nene za bei kali, la sivyo ijengwe njia ya mabomba hadi nyumbani. Mtu akikuambia gazi ya ziwa itajazwa kesho katika chupa yako ya zamani, mwulize kwa mashine gani. Njia iliyo karibu zaidi ni umeme. Lakini umeme nao tunaujua: waya za Matebe zinapita katika teritware yetu kwenda Goma, na bado nyumba nyingi chini yake zinapika kwa makala. Kuwa na taa ni kitu kimoja, kuwa na umeme wa bei inayoruhusu kupika maharagwe saa tatu ni kitu kingine kabisa.

Kwa nini tunashikilia jiko? Kwa sababu sehemu kubwa ya makala ya Goma inatoka katika miti ya Hifadhi ya Virunga. Moshi wake unaingia katika vifua vyetu na vya watoto tunaowabeba mgongoni. Wanawake wanaokwenda porini kutafuta kuni wanakutana huko na mambo ambayo hatutayaandika hapa. Dada zetu waliokaa katika kambi za Kanyaruchinya wanayajua. Kama gazi ya ziwa haitapunguza hata gunia moja la makala katika Kibati, basi ni mali ya watu wengine inayopita mbele ya mlango wetu.

Kitu kimoja tena juu ya hewa. Metani ikitoroka bila kuchomwa inapasha dunia joto zaidi ya mara 20 kuliko gazi karbonike ya uzito ule ule. Bomba linalovuja ni hasara ya kampuni, na pia ni mvua zetu zinazokuja vibaya. Sisi wa Kibati tunaokinga maji ya mvua kwa mabati, kwa sababu mawe haya hayashiki kijito, tuna sababu ya kuuliza nani atapima mavujo.

Chama chetu kinapendekeza kila kundi la akina mama lipeleke maswali haya kwa chefu wa grupema, na kupitia kwake kwa sheferi ya Bukumu na kwa wakubwa wa jimbo. Mikataba mitatu ya gazi imetangazwa wapi, na tunaweza kusomewa kwa Kiswahili? Uchunguzi wa madhara umefanyika, na wananchi gani waliulizwa? Maji yatarudishwa kina gani, na nani atapima asiyelipwa na kampuni? Kama kuna hatari, ni nani atapiga ngoma, na njia ya kukimbilia ni ipi, kwa sababu 2021 kila mtu alikimbia alikojua? Umeme utauzwa kwa bei gani kwa nyumba inayopika?

Yaandikeni katika daftari la kundi, na tarehe, na jina la aliyepokea. Jibu likija kwa mdomo, liandikeni pia, msomeeni aliyelitoa, atie sahihi. Wasiojua kuandika wamtumie binti wa darasa la sita. Sisi walimu tuko tayari kumsaidia kila siku ya posho baada ya mkutano wa akiba.